Maradhi Hayana Bara Wala Pwani



Kuna mazungumzo ambayo yakianza katika nyumba zetu, mmoja hukohoa, mwingine huinuka kwenda kutazama chungu jikoni, na watoto hufukuzwa wakacheze nje. Mazungumzo ya maradhi ya zinaa ni katika hayo. Kisonono, kaswende, pangusa, UKIMWI: majina haya hayatajwi barazani ila kwa kumnong'ona mtu aliyekwisha kuonekana amekonda, na siku ya posa hayatajwi kabisa, siku ambayo ndiyo hasa iliyopasa yatajwe. Leo tutayataja. Atakayekasirika na akasirike, lakini asome mpaka mwisho.

Sisi watu wa pwani tuna neno letu tunalolipenda: "Hayo ni maradhi ya bara." Kijana wetu akirudi kutoka Tabora au Kigoma na homa isiyoeleweka, husemwa kwamba ameokota uchafu wa huko, au amepatikana na tego la mke wa mtu. Basi panda gari la moshi uende Tabora, ukae na wazee chini ya miembe ile ya zamani, na huko nako hutakosa kumsikia mmoja akisema kwamba maradhi hayo yaliletwa na watu wa pwani waliopanda na misafara. Kila mmoja amnyooshea mwenziwe kidole, na wote wawili wana wagonjwa ndani ya nyumba zao.

Tabia hii si yetu peke yetu. Kaswende ilipozuka Ulaya katika miaka ya 1490, Wataliana waliiita maradhi ya Wafaransa, na Wafaransa wakaiita maradhi ya Naples. Waarabu nao wakayaita ya Kifaranji. Hapana taifa lililokubali kuwa baba wa ugonjwa huo.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200, na Tabora, ambayo zamani ikiitwa Kaze, ipo katikati. Hapo ndipo njia zilipogawanyika: moja kwenda Ujiji, moja kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakaingia Kaze tarehe 7 Novemba. Stanley, mwaka 1871, alikwenda kwa haraka, na bado ikamchukua miezi mitatu. Lakini hao walikuwa wageni wachache tu. Wenye njia walikuwa Wanyamwezi, walioshuka na pembe mabegani mpaka pwani, wakakaa Bagamoyo kungoja mzigo wa kurudi nao. Na Waarabu na Waswahili, waliopanda na nguo na shanga wakajenga matembe Unyanyembe na kukaa huko miaka. Babake Tippu Tip alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndiyo maana leo utamkuta mtu Pangani ana shangazi Ujiji, na mtu wa Tabora ana mjomba Unguja. Damu zetu zimekwisha kuchanganyika, na aibu zetu vile vile.

Mwanamume aliyeondoka Bagamoyo baada ya masika huenda asiuone mlango wake kwa mwaka mzima au miwili. Kila kambi ilikuwa na soko lake, na palipo na soko na wanaume elfu walio mbali na wake zao, unajua yatokeayo. Tusisahau pia jambo ambalo wasimulizi wetu wa safari hulipita mbio: wengi wa wanawake katika matembe yale walikuwa watumwa, na mtumwa hakuwa na ulimi wa kukataa. Bwana alipokuwa mgonjwa, naye aliugua. Alipougua, alilaumiwa yeye. Ugonjwa haukuuliza nani ni wa bara na nani ni wa pwani. Ulipanda na mzigo wa nguo na ukashuka na mzigo wa pembe.

Alama ya njia hiyo ilibaki muda mrefu baada ya misafara kwisha na reli kufika Tabora mwaka 1912. Katika enzi za Waingereza, waliohesabu watu waliona jambo la ajabu: sehemu zile zile zilizokuwa zimefungamana kwa biashara na safari, Unyamwezi kwa upande mmoja, Unguja na mwambao kwa upande wa pili, zilikuwa na wanawake wengi wasiozaa, au waliozaa mara moja tu wakakoma. Buhaya nako vile vile. Madaktari wa wakati ule waliyashuku maradhi ya zinaa, na tunayoyajua leo juu ya kisonono yanawapa haki ya kushuku.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapotaka tusimame. Maana hapa ndipo dhuluma kubwa ilipo.

Kisonono kwa mwanamume ni ugonjwa wenye kelele. Mara nyingi baada ya siku mbili mpaka saba mkojo humuunguza, usaha humtoka, na hata akiwa mjinga wa namna gani hujua kwamba jambo limemfika. Kwa mwanamke huwa kimya. Wanawake wengi wenye kisonono, na wengi zaidi wenye klamidia, hawaoni dalili yoyote. Au huona uchafu kidogo na maumivu ya chini ya kitovu ambayo bibi zao waliwaambia kuwa ni tumbo la wanawake. Kumbe ndani ugonjwa unapanda mpaka mirija ya uzazi, na mirija ikishaungua hufanya makovu ikaziba. Hakuna ajuaye mpaka miaka inapita na mtoto haonekani.

Hebu chukua nyumba moja, usiulize ya nani. Bwana ni mtu wa safari: huenda Urambo na Kaliua msimu wa tumbaku, au huendesha lori kupita Nzega kwenda mpakani. Siku moja mkojo ukamuunguza. Akaenda duka la dawa, akanunua vidonge nusu ya dozi kwa sababu fedha ilikuwa kidogo, akapata nafuu, akapanda basi akarudi kwa mkewe. Mkewe akampikia, akamtilia maji ya kuoga, akajipaka manukato. Baada ya miaka minne mama mkwe anauliza mbele ya watu, "Huyu mke wako mbona tumbo lake kavu?" Mke anazungushwa kwa waganga, anapungiwa pepo, anakunywa kombe, anafungwa hirizi. Mwaka wa tano anaolewa mke mwenza, au talaka inaandikwa. Na bwana yule, ajuaye alichokinunua siku ile dukani, amenyamaza!

Je, huu ndio uungwana wetu?

Watu wataniambia, "Sheikh, dini imeamrisha sitara. Aibu ya Muislamu hufunikwa." Naam, imeamrisha. Lakini sitara ni kufunika kosa la mtu lililokwisha, ili asifedheheke naye ametubia. Haikuamrishwa kamwe kwamba mtu anyamazie madhara yanayoendelea kumfika mtu asiye na hatia. Mtume s.a.w. amekataza kudhuru na kudhuriana, na wanavyuoni wameujenga mlango mzima wa fikihi juu ya katazo hilo. Na bibi Fatima binti Qays alipomwendea kumtaka shauri juu ya watu wawili waliomposa, Muawiya na Abu Jahm, Mtume hakumwambia kwamba mambo ya watu hayasemwi. Alimweleza wazi kwamba mmoja hana mali na wa pili ana mkono mwepesi juu ya wanawake, kisha akamshauri aolewe na Usama. Ikiwa umasikini wa mchumba ulifaa kusemwa, ugonjwa uwezao kumuua mke na mwanawe ndio usifae?

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, kabla ya mtu yeyote kujua kijidudu ni kitu gani, walikwisha kuandika kwamba ukoma na barasi ni aibu zinazompa mke au mume haki ya kuivunja ndoa. Waliona kwamba mtu hafungwi na madhara asiyoambiwa. Kwa hiyo anayesema kwamba kuulizana habari za afya ni mambo ya kizungu, amewasahau masheikh wake mwenyewe.

Tazameni posa zetu. Wazee hukaa, kahawa huletwa, na maswali huanza: ukoo wake nani, kabila lake lipi, anafanya kazi wapi, mahari kiasi gani, kitanda cha mbao gani. Saa tatu nzima hutumika juu ya kitanda, na hakuna hata dakika moja inayotumika juu ya watakaokilalia. Saudi Arabia tangu mwaka 2008 wachumba hupimwa VVU na homa ya ini kabla ya kufunga ndoa. Huko ndiko tunakokwenda kuhiji, na hatujasikia kwamba heshima ya wanawake wao imeanguka kwa sababu hiyo. Sisemi serikali itulazimishe. Nasema baba wa binti na baba wa kijana wakubaliane wote wawili waende pamoja wakapimwe, na siyo binti peke yake, kama kwamba mwanamume huzaliwa na cheti. Na wapimwe mapema, kisha warudie tena baada ya miezi mitatu, kwani virusi vya UKIMWI vilivyoingia jana havionekani leo katika damu.

Ama kaswende, hiyo ni hadaa tupu. Hutoa kidonda kimoja kisichouma, kiasi cha wiki tatu baada ya kuambukizwa, nacho hupona chenyewe bila ya dawa. Mtu humshukuru Mola akidhani amepona. Baada ya wiki au miezi hutoka vipele mwilini, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Kisha ugonjwa hujificha miaka mingi, na kwa baadhi ya watu hurudi kuushambulia moyo, mishipa na akili. Na mama mwenye kaswende humwambukiza mtoto aliye tumboni. Watafiti waliofanya kazi Mwanza, jirani kabisa na Tabora, walieleza mwaka 2002 kwamba miongoni mwa wajawazito ambao kaswende yao haikupimwa wala kutibiwa wakati wa mimba, kiasi cha nusu ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya ugonjwa huu. Nusu! Na dawa yake ni ile ile penisilini iliyoanza kuitibu kaswende mwaka 1943. Sindano moja kwa mama aliyegunduliwa mapema humwokoa mwanawe. Tunapomzika mtoto aliyezaliwa mfu tukasema ni kazi ya Mungu, kwa hakika kila jambo ni kwa kadari yake. Lakini Sayyidna Umar, aliposikia habari za tauni Sham akawarudisha watu nyuma, aliulizwa kama anaikimbia kadari, na jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Zahanati nayo ni kadari.

Huko huko Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, jamii 12 za vijijini zilifuatiliwa. Katika 6 kati yao, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu maradhi ya zinaa vizuri na wakapewa dawa za kutosha. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40 kuliko katika zile 6 nyingine. Kidonda na usaha ni mlango ambao UKIMWI hupitia. Ukiufunga mlango, mwizi hupata taabu. Kweli, huko Rakai, Uganda, walijaribu njia nyingine ya kuwagawia dawa watu wote kila miezi kumi na hawakuliona punguzo hilo, na wataalamu walibishana sana. Mimi funzo ninaloliona ni jepesi: mgonjwa atibiwe vizuri na upesi, pale pale anapoumwa, na mwenzi wake pamoja naye.

Mwenzi wake pamoja naye, nalirudia neno hili. Mume akitibiwa peke yake, atarudi kwa mke asiyetibiwa na kuupokea ugonjwa wake mwenyewe. Na yule wa nusu dozi anafanya ovu jingine: anawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Kisonono kimekwisha kuishinda penisilini, kikaishinda tetrasaiklini, kikaishinda siprofloksasini katika nchi nyingi, na dawa zilizobaki za kutegemewa ni chache sana. Vidonge alivyobakisha rafiki yako si matibabu. Wala choo cha stesheni si sababu, tuache kukisingizia. Kisonono hakipandi kutoka katika mkojo wa mtu aliyetangulia, na UKIMWI hauambukizi kwa kula sahani moja, kupeana mkono wala kuswali bega kwa bega.

Wako pia wanaojivuna kwamba sisi tumetahiriwa, basi tu salama. Ni kweli kwamba majaribio yaliyofanywa Kisumu, Rakai na Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60, na Tabora ni mmoja wa mikoa ambayo tohara ya hiari ilihimizwa kwa ajili hiyo. Lakini asilimia 60 si 100, kisonono hakijali tohara, na mke wa aliyetahiriwa hapati ngao yoyote ikiwa mumewe amekwisha kuambukizwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta kiasi cha watu 5 katika kila 100 wa Tabora, wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, wana virusi. Je, waliotahiriwa hawakuwamo?

Ama habari ya mipira, najua nikinyamaza nitaambiwa nimeogopa, na nikisema nitaambiwa nimehalalisha. Zina ni haramu kwa mpira na bila ya mpira. Lakini mpira ukitumiwa sawasawa kila mara huzuia sana UKIMWI na kisonono, ingawa kwa vidonda vya mahali usipofunika msaada wake ni mdogo. Na kuwadanganya watu kwamba una matundu ni uongo, na uongo nao ni haramu. Mke na mume ambao mmoja wao ni mgonjwa wana haki ya kuutumia. Na yule ajuaye nafsi yake kwamba atafika kule Nzega na ataanguka tena, basi angalau asiongeze juu ya dhambi ya zina dhambi ya kumuua mkewe.

Naona hasira pia kwa baadhi ya wahubiri wetu ambao kila wakimtaja mgonjwa wa UKIMWI humtaja mzinifu. Ni kweli tumeonywa kwamba uchafu ukidhihirika hadharani huleta maradhi ambayo wazee hawakuyajua. Lakini onyo hilo ni kwa umma, si hukumu juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Yule mke wa tumbaku na lori, aliyempikia mumewe na kumtilia maji, amezini lini? Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa amezini lini? Maneno haya ya mimbari ndiyo yanayowafanya watu wafiche vidonge ndani ya debe la mchele na kuacha kuvimeza siku wageni wakija. Nchi yetu ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, na mtu anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Anaweza kuoa, anaweza kuolewa, anaweza kuzaa mtoto mzima. Kinachotakiwa ni amwambie mwenzake kabla, naye aridhie.

Na kwa akina baba wanaowakataza binti zao ile chanjo ya shuleni, inayotolewa nchini kote tangu mwaka 2018 kuzuia kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, wakisema binti yangu hana haja nayo kwa kuwa ana adabu: binti yako ana adabu, lakini hujui atakayemuoa alipita wapi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuwaua wanawake wa nchi yetu miongoni mwa saratani zote.

Njia ya bara haikufungwa. Reli mpya imeanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 na inaendelea kujengwa kuelekea Tabora. Lililokuwa mwendo wa miezi mitatu litakuwa mwendo wa saa. Bwana msafiri, unaporudi pitia kwanza hospitali kabla hujabisha hodi kwako, kama ulifanya la kufanya. Ukikutwa na ugonjwa, mwambie mkeo mwende mkatibiwe pamoja, na mjiepushe mpaka daktari aseme mmepona. Utafedheheka, najua. Na wewe dada, ukiwa na mimba nenda kliniki katika miezi mitatu ya mwanzo, usingoje tumbo lionekane, nawe mume mfuate. Kipimo cha kaswende ni tone la damu la kidoleni, na jibu lake hutoka mkiwa mmekaa pale pale kwenye benchi.